Black Panther ya Coates: inafaa kusomwa? Na inakaa wapi kwenye mtiririko wa Marvel?

MtotoWaMwanjelwa

Wakuu habari za baridi. Nimekuta Black Panther, A Nation Under Our Feet juzuu ya 1 ya Ta-Nehisi Coates kwenye vitabu vya mtumba hapa Mwanjelwa, karatasi safi rangi zinang'aa, jamaa alianzia elfu kumi na tano tukamalizana kwa elfu nane. Nimeisoma yote na mpaka sasa sijui kama nimeipenda au vipi. Mimi Wakanda naijua ya kwenye muvi ya 2018 basi, sasa humu nakuta T'Challa, ndo Black Panther mwenyewe, ni mfalme ambaye wachimba madini wake mwenyewe wanamvamia, Shuri dada yake kafa au hajafa hata sielewi, Dora Milaje wawili (wale walinzi wa kike wa mfalme) wameasi wamevaa mavazi ya vita ya kuibiwa, na kila mtu anaongelea mafuriko na uvamizi ambao ndani ya kitabu haupo kabisa.

Nauliza mawili tu. Inafaa niendelee na juzuu ya 2 na 3? Na hii ni dunia ileile ya Avengers wa komiki au ni hadithi ya pembeni? Msinitajie mwisho tafadhali, kuna watu humu midomo haina breki.

Fremu_kwa_Fremu

Ni dunia ileile mkuu, wanayoiita 616, mtiririko mkuu kabisa. T'Challa aliyetokea Fantastic Four toleo la 52 mwaka 1966 ndiye huyuhuyu wa Coates wa 2016, ndo maana nyuma ya hiyo juzuu yako wamechapa lile toleo la Stan Lee na Jack Kirby, sijui kama ulifika huko au uliona michoro ya kizee ukafunga kitabu.

Shida yako ni kwamba umefika msibani siku ya tatu. Watu wanalia, wewe hujui aliyekufa ni nani na unaona aibu kuuliza, na Coates naye hakuelezi, anachukulia kwamba wote tulikuwepo. Sasa ngoja nikupe bila kugusa ya mbele. 2010 kwenye Doomwar, T'Challa anaizima vibranium, yale madini ya ajabu ya nchi yake mwenyewe, ili Doctor Doom asiitumie. 2012 kwenye Avengers vs. X-Men, Namor, yule mfalme wa baharini, akiwa na nguvu za Phoenix anaifurikisha Wakanda, raia wanakufa, na ndoa ya T'Challa na Storm waliyofunga 2006 inavunjikia kwenye vita hiyohiyo. 2013 kwenye Infinity majeshi ya Thanos yanashuka Wakanda. Alafu kwenye New Avengers ya Jonathan Hickman ndo inakuja ile ambayo mimi nikiwa raia wa Wakanda nisingesamehe: T'Challa anakaa kikao cha siri na wakubwa wenzake, humohumo chini ya ardhi ya Wakanda, kwenye mji wa makaburi ya wafalme, na mmoja wa wajumbe ni Namor. Yule yule wa mafuriko. Shuri kipindi hicho ndiye malkia, anagundua, anamfukuza kaka yake nchini.

Kwa hiyo ukiona raia wana hasira ujue wana sababu.

KihesaKilolo

Mimi naenda kinyume na mkuu hapo juu. Mtiririko kaueleza vizuri ila swali la kwanza alikwepa, INAFAA? Haifai. Coates ni mwandishi wa makala, mzuri sana kwenye makala, alikuwa The Atlantic na 2015 akapata National Book Award, sasa akaja kwenye komiki akaleta makala zilezile akazigawa kwenye vipovu vya maneno. Kila mtu Wakanda anaongea kama anahutubia kongamano. Mlinzi anahutubia, muasi anahutubia, mama mtu anahutubia, mzimu nao unahutubia. Ngumi ikitokea inakatika katikati unahamishiwa chuoni kwa mzee Changamire anayejadili falsafa. Mimi nimelipa hela yangu nione chui akipiga watu.

Mkuu hizo elfu nane zilishaenda, ziache. Kama unataka T'Challa wa kweli tafuta awamu ya Christopher Priest ya 1998 mpaka 2003, matoleo 62. Huyo ndiye aliyeleta Dora Milaje, ndiye aliyemleta Everett Ross yule mzungu wa kwenye muvi, na hadithi inasimuliwa na huyo Ross anavyohangaika haelewi mfalme anafanya nini. Unacheka na unaogopa hapohapo.

Baridi_Tukuyu

Wakanda iko wapi lakini jamani, mana kwa mvua hizi za huku na hiyo milima naona kama ni Rungwe wameficha

Fremu_kwa_Fremu

@Baridi_Tukuyu ramani za Marvel zinaiweka Afrika Mashariki, upande wa huko Turkana, imezungukwa na nchi za kubuni kama Niganda na Azania. Kwa hiyo siyo Rungwe, pole. Ila wanavyookota majina sasa! Dora Milaje wa Priest na mfalme wao wanasemeshana Kihausa, kwenye muvi watu wakaongea Kixhosa, na kwa Coates yupo Changamire ambalo ni jina la watawala wa Zimbabwe ya zamani. Afrika Mashariki ambayo Kiswahili hakisikiki. Hilo nimeshalizoea, siku hizi napita tu.

BintiWaKalenga

Kamwene wote. KihesaKilolo unasema kila mtu anahutubia, basi twende kwa Aneka na Ayo tuone kama nao wanahutubia tu.

Aneka ni kapteni wa Dora Milaje. Kuna chifu huko vijijini anawafanyia mabinti unyama, na utawala uko kimya. Aneka anamuua. Sheria ya mfalme inamhukumu Aneka kifo, yeye, siyo mfumo uliomlea yule chifu. Ayo ambaye ni mpenzi wake anaiba yale mavazi ya vita, ya Midnight Angels, anamtoa gerezani, na wawili wanaingia vijijini wanaanza kuwatetea wanawake ambao mfalme hana habari nao. Hii yote iko kwenye juzuu ya 1 aliyoisoma mleta uzi kwa hiyo sijamharibia. Niambie komiki gani nyingine ya superhiro imemweka shujaa wake upande ambao msomaji anajikuta anawatakia ushindi wanaompinga. Mimi nilikuwa nasoma nawaombea waasi washinde na jina la kitabu ni la mfalme!

Na nyie mnaosema siasa imezidi, mimi nimekulia hapa Kalenga kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954. Shuleni tunaimbishwa Lugalo 1891, Wajerumani walipigwa, tunapiga makofi, sawa na mimi napiga. Lakini boma lilianguka 1894 na Mtwa Mkwawa alikaa porini mpaka 1898, na muda wote huo waliokuwa wanambebea chakula na kumficha ni watu wa kawaida, na waliokuwa wanabanwa wamtaje ni haohao. Historia yao haina sanamu. Coates anaongelea hao. Mfalme shujaa tunamjua, je aliyeungua nyumba yake wakati mfalme yuko na Avengers?

MtotoWaMwanjelwa

Dah dada umeniamsha. Sehemu ya Aneka na Ayo ndiyo niliyoielewa zaidi kwa kweli, na Ramonda mama wa mfalme kwenye ile hukumu. Nilichoshindwa ni Tetu na Zenzi wale viongozi wa maasi, hawa ni wabaya au ni wazuri?

Alafu sasa nisome Priest kwanza au niendelee na Coates? Mana nikianza kurudi nyuma nitafika 1966 nitazeeka.

BintiWaKalenga

Tetu alikuwa mwanafunzi wa Changamire, akaona maneno ya mwalimu hayaleti kitu akachukua mkondo wa vita. Zenzi ametokea Niganda, anachochea kile ambacho tayari kiko moyoni mwa mtu. Wazuri au wabaya utaamua ukifika juzuu ya 2, mimi sisemi.

MzeeWaKomiki

Vijana, naomba nichangie.

Hili neno mtiririko mnalitumia kama vile ni kitu kimoja na vimo viwili ndani yake. Kuna mtiririko wa matukio, yaani nini kilitangulia nini, nani kafa, nani kaolewa. Na kuna mtiririko wa tabia, yaani huyu mtu niliyemjua jana ndiye huyu ninayemsoma leo?

Kwenye matukio, Marvel na wapinzani wao DC, wenye Superman na Batman, hawafanani. DC mambo yakiwazidi wanafuta ubao. 1985 hadi 86 walitoa Crisis on Infinite Earths matoleo 12, wakaunganisha dunia zao zote kuwa moja, akafa Supergirl, akafa Flash Barry Allen, na 2011 wakafuta tena wakaita New 52. Ukisoma Batman lazima uulize ni ya kabla ya kufutwa kwa mara ya ngapi. Tena wana na hadithi zilizotengwa rasmi za Elseworlds, kama Superman: Red Son ya 2003 ambapo mtoto wa Krypton anaangukia Ukraine ya Kisovieti, ile huhitaji kujua lolote, unasoma na kumaliza. Marvel wao hawafuti, wanasogeza. Yaliyotokea 1961 na 1966 yanahesabika yalitokea miaka kumi na kitu tu iliyopita, kila mwaka wanasogeza mbele. Ndiyo maana mzigo unarundikana. T'Challa wa Coates amebeba mizigo ya waandishi wote waliomtangulia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza huyu atakayefuata ataubebaje.

Sasa kwenye tabia. T'Challa wa Priest ni mtu mwenye mpango ndani ya mpango, anajiunga na Avengers kumbe anawachunguza. Wa Reginald Hudlin wa 2005, aliyetuletea Shuri, ni mfalme asiyepigika, nchi haijawahi kuvamiwa ikashindwa, kichwa juu. Wa Coates anasitasita, anajilaumu, anaomba ushauri kwa watu wasiofaa. Wengi walilalamika kwamba huyu siye. Mimi nasema ndiye. Chukua yule wa Priest mwenye mpango kwa kila kitu, mpe mafuriko, mpe Thanos, mpe kikao na Namor, kisha dada yake abaki nyuma kupigana ili yeye aondoke salama. Mipango yake yote imeishia hapo. Ungetegemea arudi nyumbani akiwa anatabasamu? Kinachovunja tabia ni mtu kupigwa hivyo na asibadilike.

Kwa hiyo mwanangu wa Mwanjelwa, endelea na Coates. Priest utamsoma baadaye, na utamsoma kwa raha zaidi ukijua anaelekea wapi.

MtotoWaMwanjelwa

Shikamoo mzee. Hapa nimepata shule.

MzeeWaKomiki

Marahaba.

KihesaKilolo

Shikamoo mzee, heshima yako iko palepale ila kwenye matukio nina hoja na naomba nijibiwe. Secret Wars ya 2015 inaisha toleo la 9 na T'Challa yuko Wakanda, jua linawaka, vijana wanasomea mambo ya anga, chombo kinapaa kwenda kwenye nyota, nchi imetulia kabisa. Dunia nzima ilikufa ikaundwa upya na yeye alikuwepo pale mwisho. Miezi michache mbele Coates anafungua toleo la 1 nchi imevunjika na Shuri bado maiti. Hivi ile tiba ilikwenda wapi?? Hickman alimalizia hadithi, Coates akaifukua. Hapo mtiririko umepasuka na hakuna wa kuniambia haujapasuka.

Fremu_kwa_Fremu

Hii hoja ni nzito na sitaki kuipaka mafuta. Ukisoma Secret Wars 9 na Black Panther 1 siku moja unaona kabisa mshono. Ila mimi naisoma hivi, kuundwa upya kwa dunia hakukufuta kumbukumbu wala historia ya 616, watu wa Wakanda bado wanakumbuka maji yalipoingia. Nchi inaweza kurusha chombo angani na bado kuna kijiji chifu anaonea mabinti. Hata hapa kwetu barabara ya lami inapita na ukiacha lami kilomita mbili ni giza. Hivyo viwili vinaishi pamoja bila shida.

Ninachomlaumu Coates, na hili sitamtetea, ni kwamba ilimgharimu kurasa mbili tu kutuwekea. Kurasa mbili za mwanzo, mafuriko haya, Shuri alibaki hivi, basi. Badala yake ushahidi wameuweka wapi? Nyuma ya juzuu ya 3! Wamechapa matoleo ya New Avengers ya Hickman, pamoja na la 24 ambalo Shuri anabaki kupambana na Proxima Midnight, mpiganaji wa Thanos. Yaani msomaji anahangaika juzuu mbili nzima na jibu liko kwenye kurasa za mwisho za ile ya tatu. Mkuu @MtotoWaMwanjelwa ukiipata ya 3 anzia nyuma, soma hilo toleo, kisha ndo urudi kwenye hadithi.

Baridi_Tukuyu

Michoro je? mana mimi komiki nanunua kwa macho

BintiWaKalenga

Matoleo manne ya mwanzo ni Brian Stelfreeze na hapo utafaidi, mavazi, majengo, ile suti inavyofyonza nguvu na kuirudisha, kila kitu kina mpangilio, na rangi za Laura Martin usiku wa Wakanda unaonekana una joto. Juzuu ya 2 anaingia Chris Sprouse, mistari misafi, nyuso zinaeleweka, ila ule uzito wa Stelfreeze hauna. Siyo mbaya. Unahisi tu mtu kabadilishwa.

Na kwa anayetaka historia ya Aneka na Ayo kabla ya gereza kuna World of Wakanda, Roxane Gay na Yona Harvey wameandika, fupi, ilipata tuzo ya komiki ya Eisner 2018. Inaanzia kipindi cha yale mafuriko kwa hiyo inaziba lile pengo analolalamikia Fremu vizuri kuliko kitabu chenyewe. Ningekuwa mimi ndo napanga ningeiweka mkononi mwa msomaji kabla ya juzuu ya 2.

KihesaKilolo

Kwa hiyo ili kuelewa kitabu kimoja asome cha pembeni, na cha nyuma, na kurasa za mwisho za cha mbele. Na mnasema kinafaa 😂

BintiWaKalenga

Kaka wewe unaangalia ligi kila wiki na unajua mchezaji gani aliuzwa lini na kwa nini kocha alifukuzwa, hukuona ni mzigo.

KihesaKilolo

Hiyo sijibu.

MtotoWaMwanjelwa

MREJESHO. Ya 2 na 3 sikuzipata kwa mtumba, nimeingia apu ya Marvel Unlimited kwa kadi ya mtandaoni nikaweka bando la usiku nikazisoma zote. Na World of Wakanda nimepitia kama dada alivyoagiza. Naandika bila kutaja mwisho kwa ajili ya wengine.

Juzuu ya 2 inaanza kwa kulegea. Wanaletwa mashujaa wengine, Luke Cage, Misty Knight, Manifold na Storm, kuja kumsaidia mfalme na mimi nikasema haya sasa ngumi zimefika, zimefika kweli lakini ndo sehemu niliyoisoma haraka haraka kuliko zote, wageni wamekuja na hawana kazi ya kutosha. Ila humo humo kuna kile kikao T'Challa anakaa na wataalamu wa kuzima maasi kutoka nchi za kidikteta, anawasikiliza tu wanavyomshauri jinsi ya kuponda raia, na kikao kinarekodiwa kinavujishwa kwa wananchi. Aisee. Niliweka simu chini. Hakuna ngumi hata moja hapo na ndo sehemu inauma kuliko zote, mana unajua yeye siyo mtu wa hivyo na unajua pia wananchi hawana namna ya kujua.

Shuri nae huko alikokuwa, kwenye Djalia, nchi ya kumbukumbu za Wakanda, mwanzoni niliona wananichelewesha na hadithi za kale, baadae nikaona ndo uti wa mgongo. Anarudi akiwa na kitu ambacho kaka yake hana. Naishia hapo.

KihesaKilolo uko sahihi kwamba wanahutubia sana, kuna kurasa niliruka na sijutii. Tetu kwa mfano, kadiri anavyoongea ndo anavyopungua uzito, mwisho akawa mbaya wa kawaida tu wakati mwanzo alikuwa na hoja. Hapo kitabu kimejiangusha chenyewe. Zenzi pia kaachiwa njiani. Ila kwa jumla inafaa, na inafaa zaidi kwa mtu aliyetoka kwenye muvi akidhani Wakanda haina shida, ilimradi aambiwe yale ya mafuriko na Namor kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Je awamu inayofuata ya Coates niendelee? Naona kuna Avengers of the New World na kuna ile ya anga.

Fremu_kwa_Fremu

Avengers of the New World ni ya 2017 na 18, inahusu miungu ya Wakanda kutoweka, mimi naipa wastani. The Intergalactic Empire of Wakanda ilianza 2018 ikaisha 2021, matoleo 25, T'Challa hana kumbukumbu yuko mtumwani kwenye himaya ya anga iliyozaliwa na Wakanda. Hiyo KihesaKilolo ataipenda, vita mpaka basi.

KihesaKilolo

Niliisoma. Robo ya kwanza nzuri. Baada ya hapo wakaanza kuhutubia angani.

MzeeWaKomiki

Apumzike kwanza asome Priest. Atakuta yule Ross amesimama bila suruali ukurasa wa mwanzo kabisa, ana bastola, anajificha juu ya choo. Ni mwanzo wa komiki ambao mpaka leo nikiukumbuka nacheka peke yangu.

MtotoWaMwanjelwa

Mzee hapo umeniuza. Nani anayo ya karatasi? Apu bando linaisha na hapa Mwanjelwa nimepekua marundo yote sijaona.

KihesaKilolo

Ninayo mkusanyiko wa kwanza, naweza kuazimisha SIYO kuuza. Kuna ndugu yangu anapanda basi la Mbeya Ijumaa asubuhi nitampa, uje upokee pale Nanenane, na unirudishie na hiyo Coates yako nimpe mdogo wangu aanze nayo.

BintiWaKalenga

Ahaa! Si ulisema haifai?

KihesaKilolo

Mdogo wangu anapenda hotuba. Mkuu njoo PM nikupe namba ya huyo ndugu.